Maprofesa Wawili wa Mombasa Tuliowapoteza Mwaka 2014

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango, ahsanteni sana kwa kuja. Waandalizi waliniomba nizungumzie watu mashuhuri waliofariki mwaka 2014. Niliwauliza: mashuhuri kwa nani? Wakaniambia nichague mwenyewe. Basi nimechagua, na jioni hii nitawaeleza kwa nini nimechagua hivyo.

Kila ifikapo Desemba, magazeti na redio za dunia hutoa orodha ya waliotutoka. Ukiichukua ya mwaka 2014 utaona majina mazito. Januari 5 alifariki Eusébio, aliyefunga mabao tisa katika Kombe la Dunia la 1966. Ureno ilitangaza siku tatu za maombolezo, lakini mwenyewe alizaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, kwenye bahari hii hii yetu. Aprili akaenda Gabriel García Márquez wa Colombia. Mei akaenda Maya Angelou, mama aliyewahi kuishi Cairo na Accra kabla ya dunia nzima kumjua. Julai, Nadine Gordimer wa Afrika Kusini. Oktoba 28, Rais Michael Sata wa Zambia alifia London akiwa bado madarakani. Na kwa jirani zetu wa Tanzania, Aprili 13, alifariki Muhidin Maalim Gurumo, ambaye sauti yake tuliisikia tangu enzi za NUTA Jazz mpaka Msondo Ngoma. Wazee waliokesha na redio ya betri kitandani wanajua ninachokisema.

Hapa kwetu mwaka ule haukuwa wa kusoma orodha. Ulikuwa mwaka wa hofu. Tulikuwa tunasikia risasi, tunazika, tunanyamaza. Mwezi wa Mei watalii wa Uingereza walisafirishwa kwao kabla ya likizo zao kwisha, na hoteli nyingi za pwani zikabaki bila wageni na watu bila kazi. Juni 10, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliuawa kwa kupigwa risasi kule Likoni. Mzee aliyekuwa akihimiza amani. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wote waliouawa mwaka ule, wenye majina na wasiotajwa. Siwezi kuzungumza juu ya 2014 mbele ya watu wa Mombasa nikalipita jambo hili, ingawa sikuja kulizungumzia kwa kirefu.

Niliokuja kuwazungumzia ni watu wawili, waliokufa vifo vya kawaida, mmoja mwezi wa Aprili na mwingine Oktoba 12. Wa Aprili ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu. Wa Oktoba ni Ali Al'amin Mazrui, msomi wa siasa. Wote wawili mji huu uliwaita Profesa. Mmoja alipewa cheo hicho na vyuo vikuu. Mwingine alipewa na watu waliokesha kwenye harusi, wamekaa juu ya mikeka na viti vya kukodi, mpaka adhana ya alfajiri. Mimi nashikilia kwamba vyeo vyote viwili vilikuwa halali, na kwamba hatutamwelewa mmoja wao vizuri bila ya mwenzake.

Nianze na Mazrui, kwa kuwa habari zake zinapatikana kwa urahisi zaidi.

Alizaliwa hapa Mombasa Februari 24, 1933. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na kabla ya hapo alikuwa amechapisha gazeti lake mwenyewe akiwaamsha Waislamu wa pwani kwa Kiswahili na Kiarabu. Sheikh alitaka mwanawe aende Al-Azhar, asome dini. Akafariki 1947, Ali ana miaka 14. Baadaye kijana akafanya mtihani wa Cambridge na hakufanya vizuri. Makerere ikamkataa. Akawa karani katika chuo cha Waislamu cha Mombasa, kile kilichojulikana kwa jina la MIOME, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo Tudor. Wengi wenu mmesoma pale au mna mtoto pale.

Karani huyo ndiye aliyesimama kwenye sherehe ya Maulidi akazungumza habari za Mtume, rehema na amani zimshukie, mbele ya gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana alipendezwa na alivyozungumza, na kutokana na hotuba ile Ali akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Alianzia Huddersfield, akaenda Manchester, kisha Columbia kule New York, kisha Oxford. Na Makerere iliyomkataa kama mwanafunzi ikaja kumpokea mwaka 1963 kama mwalimu, akawa mkuu wa idara, akawa mkuu wa kitivo, mpaka utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke.

Vijana, nawaomba mlizingatie hili. Watu husema ulimi wa Mazrui ulinolewa Oxford. Mimi siamini. Oxford ilimpa vitabu na hoja. Ulimi ulinolewa hapa, kwenye madrasa na Maulidi, mahali ambapo mtu hupanda mimbari bila karatasi, na wasikilizaji wake wanajua lugha kuliko yeye. Ukikosea, mzee mmoja anakohoa. Ukipatia, unasikia "naam" kutoka pembeni. Aliyelelewa hivyo hawezi kuogopa ukumbi wowote duniani. Ndiyo maana mwaka 1979 BBC ilipompa mihadhara yake ya redio ya kila mwaka, ile ya Reith, alizungumza na Waingereza juu ya hali ya Afrika kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wazima.

Kisha ikaja 1986. Vipindi tisa vya televisheni, vilivyorushwa Uingereza na Marekani, naye mwenyewe akiwa mbele ya kamera akieleza kwamba Mwafrika wa leo amerithi mambo matatu: ya wenyeji, ya Uislamu na ya Magharibi. Kule Marekani vilizua zogo. Mkuu wa mfuko wa serikali uliochangia fedha aliagiza jina la mfuko litolewe kwenye filamu hizo, akidai Mazrui amezishambulia nchi za Magharibi. Mazrui hakutetereka. Aliendelea kufundisha, Michigan kwanza, kisha Binghamton katika jimbo la New York, na tangu 2003 alikuwa pia Chansela wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kwa hiyo kuna Wakenya wengi wenye shahada walizotunukiwa na mtoto wa Mji wa Kale.

Alikaa ughaibuni miaka 40, lakini alitaka azikwe kwao. Jumapili ya Oktoba 19, 2014, mwili wake ulifika Mombasa mapema asubuhi. Ukapelekwa nyumbani, akaoshwa, akaswaliwa Msikiti wa Mbaruk, akazikwa kwenye makaburi ya Wamazrui yanayoelekeana na Ngome ya Yesu, ngome ambayo wazee wake waliishikilia mpaka mwaka 1837. Magavana, maseneta na mawaziri walikuwapo. Magazeti makubwa ya dunia yaliandika tanzia zake. Haki yake, na mimi nilifurahi.

Sasa tuje kwa Bhalo.

Bhalo alizaliwa upande wa Malindi mwaka 1942, akaja kuwa mtu wa Mombasa kiasi kwamba wengi hudhani hakuna mahali pengine alipotoka. Nyinyi vijana mkisikia taarabu mnafikiria ile ya vinanda vikubwa na mipasho. Taarabu ya Bhalo ilikuwa nyingine. Ilikuwa watu wachache wamekaa chini au vitini: huyu ana kinanda, huyu akodiani, huyu tabla, mara nyingine tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonye, na katikati yao mtu mmoja anaimba na uso umetulia kabisa. Muziki wake ulitoka kwenye filamu za Kihindi. Wakati ule majumba ya sinema ya mji huu yalikuwa yanajaa, na wimbo mzuri wa filamu ulikuwa unatoka na watu mlangoni, wanakwenda nao nyumbani, wanaupiga mluzi wakiwa kazini bandarini. Bhalo na wenzake waliuchukua ule mtindo, wakautia mashairi ya Kiswahili.

Kuna watu, na wengine ni wasomi ninaowaheshimu, wanaosema kwamba kule kulikuwa kuiga tu. Wanasema Siti binti Saad wa Unguja alikuwa na cha kwake, na Lamu walikuwa na gambusi lao, lakini Bhalo aliazima. Mimi nawaomba wajaribu kufanya alichokifanya. Shairi letu lina mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, na vina katikati na mwishoni. Wimbo wa Kihindi haujui mizani zetu. Unavuta sauti mahali ambapo neno letu ni fupi, na unakata mahali ambapo sisi bado hatujamaliza. Mtungaji lazima apate neno ambalo litavutika bila kuharibika, na kina kibaki pale pale, na fumbo likae sawa, na mpenzi anayelengwa ajijue na jirani yake asijue. Mashairi mengi ya Bhalo yalitungwa na jamaa yake, malenga Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtu ambaye wanafunzi wa Kiswahili wa nchi hii na jirani zake wamemsoma darasani. Ukiwasikiliza wawili hao, mmoja kwa kalamu na mwingine kwa koo, unasikia kazi iliyopimwa neno kwa neno.

Na hapa ndipo ninapowaona maprofesa wangu wawili wakikutana. Mazrui alikwenda dunia nzima akieleza kwamba Mwafrika amerithi mambo matatu. Basi chukua wimbo wowote wa Bhalo uuchambue kwa kipimo hicho. Lugha ni ya wenyeji, Kimvita safi, lahaja ya Mombasa. Vina na mizani vimepita mikononi mwa washairi waliosoma Qur'ani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Akodiani imetoka Ulaya. Vyote vitatu vipo, vimekaa pamoja kwenye wimbo wa dakika chache, na mtu aliyeuimba hakuhitaji kuvieleza. Kisha, juu ya hayo, kuna India. Mazrui alihesabu tatu. Mwenye masikio, akikaa na Bhalo, anahesabu ya nne. Na mtu wa Mombasa hawezi kushangaa, kwani bandari yetu iliijua Gujarat kabla ya kuijua Lisbon.

Mimi sisemi Mazrui alikosea. Alikuwa anazungumza juu ya bara zima, na hesabu ya bara si lazima iwe hesabu ya mji. Ninachosema ni kwamba mji huu ulikuwa na jibu lake, na jibu lenyewe lilikuwa linaimbwa kwenye harusi za Kibokoni na Kuze wakati yeye anaandika. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayemsoma Mazrui bila kumsikiliza Bhalo amesoma nusu ya somo.

Lakini kuna tofauti kubwa baina ya wawili hawa, na ndiyo iliyonileta hapa. Kazi ya Mazrui iko salama. Iko kwenye maktaba za New York, London na Nairobi, na vipindi vyake vimehifadhiwa. Kazi ya Bhalo iko wapi? Iko kwenye kabati za mama zenu. Iko chini ya vitanda. Iko kwenye mifuko ya plastiki ndani ya maduka yaliyofungwa. Kwa miaka mingi kanda zake zilikuwa zinauzwa hapa hapa Mji wa Kale, kwa Mbwana Radio Service, na watu walizipeleka Zanzibar, Arabuni na Ulaya. Nyingi nyingine hazikuuzwa kabisa. Zilirekodiwa na mwenye harusi kwa redio yake mwenyewe, zikabaki za familia.

Nyumbani kwetu tuna moja ya hizo. Ilikuwa ya marehemu ami yangu. Kwenye jalada ameandika kwa kalamu ya wino: "Harusi, Kibokoni." Hakuna mwaka wala jina la bwana harusi. Kabla ya kuipiga lazima uizungushe taratibu kwa penseli, maana joto na chumvi ya hewa yetu imeifanya ishikamane. Kwanza unasikia maikrofoni ikigongwagongwa. Unasikia mtoto analia, na sauti ya mtu mzima inayosema, "Mpisheni, mpisheni apite." Kinanda kinatafuta sauti, kinaipata, tabla inaingia, na Bhalo anaanza. Ubeti wa kwanza uko wazi, wa pili uko wazi. Ubeti wa tatu, mshororo wa pili, watu wanapiga kelele. Wameguswa. Mtu ameinuka kwenda kumtunza, viti vinakokotwa, na maneno yanapotea yote ndani ya zile shangwe. Nimeusikiliza mshororo ule kwa kila mashine niliyoweza kuiazima. Siusikii. Hao waliopiga kelele waliusikia, na ndiyo maana walipiga kelele, na wengine wao wako hai na wanakaa mitaa hii.

Mnamjua Muyaka bin Haji, aliyefariki takriban mwaka 1840. Kila mtoto aliyesoma ushairi katika shule za Kenya amekutana naye. Lakini Muyaka hakuchapisha kitu maishani mwake. Mashairi yake yalibaki kwenye vichwa vya watu wa Mvita, wazee wakisomeana barazani, kwa miaka karibu 50. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa mji huu, aliyeyakusanya kutoka kwa waliokuwa wanayakumbuka, akisaidiana na mmishonari William Taylor. Karatasi hizo zilikwenda Uingereza, na ziko London mpaka leo. Zikatoka kama kitabu mwaka 1940, na zilichapishwa Johannesburg. Fikirini: mshairi wa Mombasa anachapishwa Johannesburg, miaka 100 baada ya kufa kwake. Na hata hilo lisingekuwa bila mwalimu mmoja aliyekwenda mlango kwa mlango akiuliza, "Lile shairi la Muyaka ulijualo, unalikumbuka vipi?"

Sisi tumepewa nafasi nyepesi kuliko yake. Mwalimu Sikujua alikuwa anafukuza kumbukumbu za watu waliokuwa wakifa. Sisi tuna sauti yenyewe, na tuna simu mfukoni zinazoweza kuhifadhi kanda nzima kwa muda wa kunywa kahawa. Kanda hazitangoji. Ukungu wa pwani unazila, na vijukuu vinazivuta utepe vikichezea. Kila nyumba ikihama, mfuko mmoja unakwenda jaani.

Kwa hiyo nina maombi. Mwenye kanda ya Bhalo, au ya mwimbaji mwingine yeyote wa mji huu, asiitupe na asimkabidhi mtu asiyemjua. Atafute kijana wa kuihamishia kwenye kompyuta, kanda yenyewe irudi kabatini kwake, kwa sababu ni mali yake. Aandike anachokikumbuka: harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani kama anaujua, nani alikuwa kwenye tabla, shairi ni la nani. Jina la mtungaji ndilo linalopotea kwanza, na kumnyima mtungaji jina lake ni dhuluma. Na familia za wasanii ziulizwe kabla ya wimbo wowote kuwekwa mahali pa watu wote. Hilo silisemi kwa adabu tu. Kazi hizi zimewahi kuuzwa na watu wasiokuwa na haki nazo, huku wenyewe wakiishi kwa taabu.

Walimu wenzangu, nyinyi nina neno lenu. Mkiwapa wanafunzi kazi ya kuandika mashairi haya kutoka kwenye kanda, msiwaruhusu kuyasahihisha yafanane na kitabu cha shule. Bhalo akisema mato kwa maana ya macho, yaandikwe mato, na ndia, yaani njia, ibaki ndia. Nimeona karatasi za wanafunzi wazuri kabisa waliosawazisha kila neno, na vina vyote vikakatika, wakaja kuniambia kwamba mshairi hakujua kupanga vina.

Na kwa upande wa Mazrui kazi iko kinyume. Yeye maneno yake yapo, lakini sisi hatuyasomi, kwa sababu aliyaandika kwa Kiingereza kwa ajili ya dunia. Ningependa kuona barazani mwetu mtu anachukua mhadhara mmoja tu wa ile ya 1979, anaueleza kwa Kiswahili, jioni moja, wazee wakihoji. Ulimi ule ulitoka kwenye mimbari zetu. Kuurudisha nyumbani si kazi ya serikali wala ya chuo kikuu. Ni kazi ya walimu watatu na birika la kahawa, na mimi niko tayari kuwa mmoja wao.

Muda wangu umekwisha. Ile kanda ya ami yangu nimekuja nayo, hii hapa. Mzee wetu aliyekaa mstari wa mbele, mwenye kanzu ya rangi ya maziwa, alipiga tabla kwenye harusi nyingi za miaka ile, na amekubali kuisikiliza pamoja nasi. Naomba mashine iwashwe. Tukifika ubeti wa tatu, nitasimamisha, na yeyote anayeujua ule mshororo wa pili, mwanamume au mwanamke, anyooshe mkono na autamke kwa sauti, tuuandike.